Muziki wa Ngazini

Bwenini, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Bibi, si yule askari aliyeandika maelezo yangu. Nikimkumbuka mtu niliyemwona akishuka ngazi za Mama Cherehani, nasikia muziki.

Si wimbo wa kuimbwa. Ni ngoma moja nzito inayogonga polepole, na juu yake kitu kama uzi unaovutwa bila kukatika. Mtu anashuka, muziki unapanda. Akifika chini, kimya. Siku ile redio ya Bibi haikuwa na betri, na kwenye uchochoro kulikuwa na mvua tu. Muziki umetoka wapi?

Unayajua yote, lakini niache niyapange, kama mwalimu wa historia anavyotutaka tufanye, labda nitajielewa. Ilikuwa likizo ya Desemba, alasiri. Mvua ilitia giza mpaka nikawasha taa ili nisome. Bibi alikuwa amelala chumbani. Nikasikia kishindo upande wa pili wa uchochoro, nikaenda dirishani. Mtu alikuwa anashuka ngazi za nje za nyumba ya mbele, zile zinazotoka mlangoni kwa Mama Cherehani. Alikuwa anafuta bomba la kushikia kwa leso. Akasimama katikati, akatazama juu, moja kwa moja dirishani kwangu, akatabasamu. Alivaa kofia ya buluu ya wasoma mita za maji. Akaondoka. Halafu majirani wakamkuta Mama Cherehani amelala chini sakafuni kwake, kichwa kinavuja damu, pete zake hazipo vidoleni.

Jioni hiyo hiyo, kabla askari hawajafika, ulipiga simu ukaniuliza maswali yako ya kiwakili. Nilijisikia fahari. Askari aliponiuliza, "Una uhakika ni Msoma Mita?" nikamjibu, "Namwona kama ninavyokuona wewe."

Msoma Mita alikuwa mtaani kwetu siku ile, hata mwenyewe hakukana. Sasa yuko mahabusu, na mimi ndiye shahidi. Kila mwezi alikuwa anakuja uani kwetu, anafungua kifuniko cha mita na kuniita, "Mwalimu! Njoo unisomee, miwani yangu nimeiacha nyumbani!" Hana miwani, Shangazi. Alikuwa anataka tu nisome namba kwa sauti, kwa sababu aliona jinsi ninavyoogopa kuongea na watu.

Nani humkumbuka mtu mbaya kwa muziki?

Wako,
Miwani

*

Ofisini, 13 Februari

Mwanangu Miwani,

Marahaba. Barua yako imenikuta katikati ya rundo la majalada, nikaisoma kwanza, mteja wangu akanisubiri. Akakohoa. Nikaendelea kusoma.

Usijitie wasiwasi na huo muziki. Kichwa ni kama kabati la Bibi yako: unatafuta sindano, unatoka na kikombe. Na wewe ulikuwa na hofu. Lala, kula, soma.

Nadhani shida ni kwamba mnatazama mno ule mchezo wa mahakama wa Jumamosi. Najua mnavyomwita yule wakili wa kwenye televisheni: Bi Pingamizi. Bibi yako naye ananipigia simu kuniuliza kwa nini mimi sivai viatu kama vyake. Nikuambie ukweli wa kazi yangu? Mwaka mzima nimesimama na kusema "napinga" mara moja tu, na hakimu akavua miwani akaniuliza, "Unapinga nini, wakili? Mimi bado natafuta kalamu." Wiki iliyopita nilisafiri toka alfajiri kwenda kwenye kesi ya shamba. Karani akatwambia jalada halionekani. Tukakaa. Mchana likaonekana, lilikuwa limewekwa chini ya birika la chai. Hakimu akatwambia muda umekwisha, akapanga tarehe nyingine. Hapo mteja wangu akanipa mkono akasema, "Asante wakili, leo umepigana." Kwenye televisheni mtu angekuwa ameshalia, ameshakiri, na muziki umeshapigwa.

Kuhusu ushahidi wako, usiniandikie tena mambo yake kwa undani. Shahidi hafundishwi na wakili, hata akiwa shangazi yake. Nimesikia kesi yenu imeahirishwa hadi Machi kwa sababu mwendesha mashtaka yuko kwenye semina. Ndivyo ilivyo.

Wasalimie wenzako.

Shangazi yako

*

Bwenini, 25 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Najua umenikataza kukuandikia haya, lakini sina mwingine wa kumwandikia.

Jana Jumamosi tulitazama mchezo kwenye ukumbi wa kulia chakula, kama kawaida. Matroni alisema ni marudio, kipindi kipya hakijaja. Mimi nilikuwa nyuma na kitabu changu. Wasichana walikuwa wanapiga kelele, mmoja amesimama juu ya benchi anaigiza, "Napinga, mheshimiwa! Uji huu ni wa jana!" Matroni akamwambia, "Pingamizi limekataliwa, shuka kabla sijakushusha." Tukacheka wote.

Halafu muziki ukaanza. Ngoma moja nzito. Uzi unaovutwa.

Niliinua macho. Kwenye televisheni mvua ilikuwa inanyesha. Mtu anashuka ngazi za nje. Anafuta bomba kwa leso. Anasimama katikati, anatazama juu, anatabasamu.

Sikupiga kelele. Unanijua, mimi hata nikiumwa na nyuki naomba ruhusa kwanza. Nilikaa tu, na jirani yangu akaniuliza kwa nini nimemshika mkono mpaka unamuuma. Nikamwambia, "Huyo ni mtu wa ngazini kwetu." Akasema, "Huyo ni yule anayetangaza sabuni."

Usiku sikulala. Niliwaza mambo mawili, na yote yananitisha. La kwanza: kuna mtu mwingine alimwona yule mtu siku ile, akaenda kuwasimulia wanaotengeneza mchezo, nao wakamwigiza. Kama ni hivyo, yuko wapi na kwa nini hasemi? La pili sitaki kuliandika.

Wewe unafahamiana na watu mjini. Tafadhali niulizie: sehemu ile ya mchezo ilitengenezwa lini? Kabla ya mvua ile, au baada?

Wako,
Miwani

*

Nyumbani, 6 Machi

Mwanangu,

Sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilikuwepo.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Jumamosi moja kabla ya tukio. Nilikuja kuwaona wewe na Bibi. Bibi alikaa kwenye kiti chake, mimi nikakaa chini namenya njugu, na wewe ulikuwa umelala kwenye kochi, kitabu kimekufunika uso. Bibi alisema, "Mwache, huyu anasoma hata akilala." Ile sehemu ya ngazi ilipofika, Bibi alipiga ukelele. Nilikutazama, nikaona umefungua jicho moja chini ya kitabu. Halafu ukalifumba.

Miwani, uongo ni kitu kingine. Usijiite mwongo hata kidogo. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikisikiliza watu wema wakiapa kwa moyo safi kuwa waliona kitu ambacho hakikuwepo. Kwenye mchezo, shahidi ama anasema kweli ama ni mwovu, na Bi Pingamizi humgundua kwa kumtazama machoni. Mimi nimetazama macho mengi. Hayasemi kitu.

Nimevunja agizo langu mwenyewe kwa kukuandikia, basi nimalizie. Sitakwambia useme nini. Nitakwambia tu kazi unayotakiwa kuifanya. Chukua kila kitu ulichokiona, kimoja kimoja, na ukiulize kimetoka wapi. Kisichokuwa chako, kirudishe kwa mwenyewe. Kitakachobaki ndicho ushahidi, hata kama ni kidogo kama punje.

Msoma Mita hana wakili. Anajitetea mwenyewe. Wanasema huko mahabusu amepungua sana, na kwamba kila anayekuja kumwona anamuuliza kama mvua imenyesha huko nje. Zaidi ya maneno yako hakuna kitu dhidi yake. Pete hazikupatikana. Nakwambia hili kwa sababu una haki ya kujua uzito wa ulichobeba.

Kesi itatajwa tena, halafu itasikilizwa Aprili, mkiwa likizoni.

Shangazi yako anayekupenda

*

Bwenini, 18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Nimefanya kila siku baada ya masomo, nikiwa nimejificha maktaba kwenye kona ya kamusi ambako haji mtu.

Muziki nimeurudisha kwa televisheni. Leso nayo nimeirudisha. Ilipoondoka, nikaona kwamba mikono ya yule mtu siioni kabisa. Nikarudisha tabasamu. Lilikuwa gumu kutoka, kama gundi, lakini limetoka. Na kila ninapoondoa kitu, yule mtu haendi mbali. Anabaki pale pale katikati ya ngazi, anangoja, na anazidi kuwa mtupu.

Wiki iliyopita tulikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula, nikaenda nyumbani. Nilivuka uchochoro kumsalimu Mama Cherehani. Kidonda kimepona lakini siku ile imefutika kichwani mwake. Anakumbuka alikuwa anashona pindo la gauni, halafu anakumbuka hospitali. Katikati hakuna kitu. Alinikalisha karibu na cherehani yake, akanishika mkono kwa vidole vile visivyo na pete, akasema taratibu kama mtoto anayeomba hadithi, "Niambie tena. Nani alinisukuma?"

Nikamwambia, "Mama, nimeshakwambia."

"Niambie tena. Wewe ndiye unayekumbuka. Usiponiambia, usiku namwona mtu asiye na uso."

Shangazi, nilimwambia. Nikasema ni Msoma Mita. Uso wake ukatulia, akashukuru, akarudi kwenye pindo lake. Nikaenda uani kwetu, nikakaa karibu na kifuniko cha mita.

Sasa nimebakiwa na vitu viwili tu. Macho yanayonitazama kutoka ngazini, na kofia ya buluu. Macho siwezi kuyarudisha kwa mtu. Ni ya kweli, nina hakika, yalinitazama.

Ila kofia. Nimeiuliza kofia ilikotoka. Leo ndiyo imejibu. Nisamehe, nitaliandika haraka kabla sijaogopa. Kila kitu kingine nilichokiona ngazini kilikuwa na mvua, lakini kofia haikuwa imelowa. Ilikuja kavu. Na haikuja na mlio wa mvua, ilikuja na sauti yako.

"Alikuwa na kofia? Kama ile ya wasoma mita? Ya buluu?"

Hiyo ni simu ya jioni ile. Mimi nilikuwa nalia. Nilisema "mtu". Wewe ukauliza kofia. Nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

Katika barua zako umenijibu kila kitu, mpaka Bibi na viatu vya Bi Pingamizi. Hujawahi kugusa ile simu. Naomba uniambie kama nakosea. Nikiwa nakosea nitafurahi, na nitakuomba radhi kwa magoti.

Miwani

*

Bwenini, 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Matroni anagawa barua kila Ijumaa, na nimeacha kusimama mbele.

Naandika kwa sababu nimeyapata macho.

Jana alasiri mvua ilinyesha hapa, ya kwanza tangu nirudi shuleni. Maktaba ikawa giza, mwalimu wa zamu akawasha taa. Nikasogea dirishani kuangalia kama nguo zangu zimeanuliwa. Chini, mlinzi wa shule alikuwa anashuka ngazi za bohari, amejifunika gunia kichwani, ameinamisha kichwa kwa sababu ya matone. Nilikuwa nautazama mgongo wake. Halafu akageuza kichwa akanitazama.

Alikuwa na miwani, Shangazi. Alikuwa na uso wangu.

Nilirudi nyuma, na uso ukarudi nyuma pia, ukatoka mabegani mwa mlinzi ukabaki unaning'inia hewani, kwenye kioo, na mvua inaupita katikati. Mlinzi aliendelea kushuka bila kujua. Hakugeuka hata mara moja.

Siku ile nami nilikuwa nimewasha taa. Nje kulikuwa giza. Mtu akapita ng'ambo akiwa amenipa mgongo, na kioo kikamvika uso wangu. Niliyemwona akinitazama kutoka ngazini ni mimi.

Sasa hakuna kilichobaki. Kuna kishindo, kuna mvua, kuna mgongo. Sijui kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Na mtu huyo si Msoma Mita zaidi ya alivyo mtu mwingine yeyote, maana yake ni kwamba yuko mahali fulani, na pengine kila siku anapita uchochoro wetu na kunisalimu.

Hata usiponijibu, nitasema. Sijui nitasemaje. Darasani huwa sinyooshi mkono hata jibu nikiwa nalijua. Lakini nitasema.

Miwani

*

Ofisini, 9 Aprili

Mwanangu,

Hukosei. Kofia ni yangu.

Jioni ile nilikuwa nimepigiwa simu na jirani kabla sijaongea na wewe. Akaniambia amemwona Msoma Mita mtaani. Basi nikawa nimeshamjua mtuhumiwa kabla sijamuuliza shahidi. Ukasema "mtu", na mimi nikakukabidhi kofia yake mkononi, nikakusikia ukiivaa, na nikajisikia hodari. Mahakamani, wakili mwenzangu akimuuliza shahidi wake swali la namna hiyo, swali lenye jibu tumboni, nasimama. Hilo ndilo "napinga" langu moja la mwaka. Nyumbani kwangu mwenyewe sikusimama.

Tangu barua yako ya kwanza nilijua. Ulipotaja muziki, nilijua kwamba kama muziki umeingia, kofia nayo itakumbukwa siku moja. Nikakuandikia habari za birika la chai. Nilitaka ucheke ili usiendelee.

Sikujibu kwa sababu kwanza nilikuwa na kazi ya kufanya. Nimekwenda kwa mwendesha mashtaka, nikaandika maelezo yangu mwenyewe kuhusu ile simu, nikatia sahihi. Nakala nimeomba apewe Msoma Mita. Nimewaarifu pia wanaosimamia mawakili. Wanaweza kunisimamisha kazi kwa muda, wanaweza wasinifanye kitu. Hilo usilibebe wewe, ni langu.

Siku ya kesi nitakuwa nje kwenye benchi, kwa sababu sasa mimi pia ni shahidi, na mashahidi hawasikilizani. Hutaniona ukiwa ndani. Usinitafute kwa macho.

Useme ulichoniandikia. Polepole tu.

Shangazi yako

*

Nyumbani kwa Bibi, 24 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Uliondoka na basi la jioni kabla sijakusimulia, na mbele ya Bibi nisingeweza, maana anaingilia. Basi nakuandikia.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko darasa letu. Nilidhani kutakuwa na mbao zinazong'aa. Kulikuwa na meza yenye mguu uliofungwa waya, feni inayozunguka kwa kulalamika, na hakimu mwenye mafua. Bibi alikaa mstari wa nyuma, amevaa kitenge chake cha harusi. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala.

Niliapa. Mwendesha mashtaka akaniambia, "Eleza mahakama ulichokiona." Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu, nikayaanza yote kwa mkupuo: "Mheshimiwa, maelezo niliyotoa polisi si..."

"Polepole, binti," hakimu akasema. "Naandika."

Shangazi, hakuna aliyeniambia kwamba anaandika kwa mkono. Ilibidi niseme neno moja moja, kama imla. Si-ku-mwo-na. Nasubiri kalamu. U-so. Nasubiri. Nilisema jambo zito kuliko yote maishani mwangu kwa mwendo wa mtu anayesomesha tahajia, na hakuna aliyeshtuka. Mtu mmoja alitoka nje kupokea simu. Hakimu alipiga chafya katikati ya neno "kioo", akaniuliza, "Ulisema kioo au kiatu?"

"Kioo, mheshimiwa."

"Kioo." Akaandika. Halafu akafungua ukurasa mwingine akanisomea: "Hapa polisi ulisema, 'Namwona kama ninavyokuona wewe.' Ni maneno yako?"

"Nilitoa kwenye televisheni, mheshimiwa. Shahidi mmoja alisema hivyo."

Watu wachache wakacheka. Yeye hakucheka. Aliandika na hilo.

Nikamwambia pia kofia ilivyokuja. Sikulitamka kwa sauti ya kukushtaki, Shangazi, lakini nililitamka. Mwendesha mashtaka alitikisa kichwa tu, maelezo yako alikuwa nayo mkononi. Hakunikaripia. Alionekana kuchoka.

Halafu hakimu akamgeukia Msoma Mita, akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Kabla ya hapo sikuwa nimemtazama. Suruali yake ameifunga kwa kamba. Alisimama, akashika kizimba kwa mikono miwili, na nikangoja anitukane. Kwenye mchezo angenitukana.

"Mwalimu," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya uani. "Mimi nikipita karibu na dirisha lenu, hufanya nini?"

"Huniita."

"Mvua ikinyesha je?"

"Huniita hata mvua ikinyesha."

"Siku ile ulisikia mtu akikuita?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna aliyeniita."

Hakimu akaandika. Msoma Mita akasubiri mpaka kalamu iliposimama, maana yeye ameshajifunza, kisha akasema, "Sina swali lingine, mheshimiwa," akakaa.

Yaliyofuata unayajua, uliingia baada yangu. Uamuzi umepangiwa mwezi ujao. Alipotajiwa dhamana akakosa mtu wa kumdhamini, na hapo Bibi akaamka, sijui alisikiaje, akasimama na kitenge chake akasema, "Mimi. Tangu mwaka jana mita yetu haijasomwa na mtu wa maana." Hakimu akamwambia akae kwanza, kuna karatasi za kujaza. Walijaza karatasi mpaka mahakama ikafungwa. Nje, Msoma Mita alisimama uani akainua uso juu, akatazama mawingu muda mrefu. Nilitaka kumwomba msamaha. Akasema, "Utanisomea mwezi ujao," akaenda zake.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya hapo.

Nilirudi nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu na sebule imeingia giza. Bibi akasema niwashe taa. Nikamwomba tungoje kidogo. Nikaenda dirishani, nikafungua kioo chote mpaka mwisho, matone yakanilowesha miwani, nikaivua. Nikatazama ngazi za ng'ambo kwa macho yangu tu. Hakukuwa na mtu. Muziki haukupigwa. Kulikuwa na bomba la kushikia, limelowa, na kitambaa cha pindo kimeanikwa hapo na kimesahaulika.

Mlango wa juu ukafunguka. Mama Cherehani akatoka kukianua, akaona umbo langu gizani, akaganda.

"Nani huyo anayenitazama?"

"Ni mimi, Mama. Ni mimi peke yangu."

Nikachukua mwavuli nikavuka. Nilipanda zile ngazi kwa mara ya kwanza tangu yale mapumziko ya Machi. Akanikalisha karibu na cherehani, akanishika mkono, na nilijua atakachosema kabla hajasema.

"Niambie tena. Nani alinisukuma?"

"Sijui, Mama. Sikumwona."

Uso wake haukutulia safari hii. "Basi atarudi kuwa hana uso," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Na mimi namwona hivyo hivyo."

Hakuachia mkono wangu. Tulikaa hivyo mpaka manyunyu yakakatika. Kisha nikamsaidia kukunja kitambaa, nikahakikisha komeo lake linafunga, nikamsikia akilisukuma kwa ndani. Nikashuka ngazi nimeshika bomba, ngazi moja baada ya nyingine. Nilipofika katikati nilisimama, nikatazama juu dirishani kwetu.

Taa ilikuwa bado haijawashwa. Nikamalizia kushuka.

Wako,
Miwani